Mbiu Inapomeza Ngoma: Tangazo la Taarabu na Mtunzi Asiyetajwa

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Wahenga wa pwani waliposema hivyo walikuwa wameujua mpaka wa mbiu: kazi yake ni kuita, na jambo lenyewe husubiri uwanjani. Tangazo la taarabu, liwe la redioni au la gazetini, limeuvuka mpaka huo. Husema mengi mno, na aghalabu lisilolisema ni ushairi wenyewe.

Mji wa Pangani una haki ya kulalamika mbele ya miji mingine. Hapo ndipo alipozaliwa Shakila binti Said, aliyefariki mwaka 2016, mwimbaji wa Black Star na Lucky Star za Tanga kabla ya kuhamia taarabu ya jeshi. Vikundi hivyo viwili, vilivyotia gitaa na besi katika taarabu, vilijulikana hadi Kenya na Burundi. Hata majina yao yalikuwa matangazo: nyota mbili katika anga la mji mmoja, kila moja ikitaka itazamwe peke yake. Lakini kilichovuka mipaka ni nyimbo, kwa sahani za santuri na kwa redio. Mtu wa Mwera au Mkwaja aliyeusikia wimbo kwa beti zake aliweza kufika ukumbini akiwa tayari ameshaupima. Wimbo ulijitangaza wenyewe.

Mambo yalibadilika baada ya redio za binafsi kuruhusiwa. Radio One ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, Radio Tanzania haikuwa tena sauti pekee Bara, na muda wa hewani ukawa bidhaa yenye bei. Miaka hiyohiyo TOT na Muungano wa Dar es Salaam walikuwa wakishindana, na majina ya Khadija Kopa na Nasma Khamis yakinadiwa mithili ya mabondia wanaosubiri kengele. Patachimbika! Hapatatosha! Usisubiri kusimuliwa! Kumbi zilijaa, na si haki kuubeza ujazo huo, kwani msanii hula kwa kiingilio.

Wala ushindani si kosa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na watu kwa tungo, na ngoma za lelemama na beni zilistawi kwa mashindano ya mitaa. Kosa liko kwingine. Fumbo la taarabu huishi kwa sababu kila msikilizaji hulivaa kwa kimo chake: mmoja hudhani ameimbwa yeye, mwingine hudhani ameimbwa jirani, na anayeinuka kwenda kutunza huifanya tafsiri yake ionekane na hadhira nzima. Tangazo likishasema mapema kwamba wimbo ni kijembe kwa fulani, limelifumbua fumbo kabla ya ala kulia. Hadhira huja kuthibitisha iliyoambiwa, na kazi yake ya kufasiri imekwishaporwa.

Gazeti na bango lina kasoro nyingine. Humo huwamo picha ya mwimbaji, jina la ukumbi, saa, kiingilio, na nembo ya mdhamini. Aliyetunga maneno hayumo. Hili ni jambo la kustaajabisha katika lugha ambayo magazeti yake yalikuwa nyumba ya washairi. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, lilizichapa tungo pamoja na majina ya watunzi na miji yao, hata mtu wa Tanga akajulikana na wasomaji wasiopata kuiona Tanga. Karatasi iliyompa mtunzi jina ndiyo hiyo inayomnyima. Kijana wa Pangani mwenye kipaji cha kutunga atajifunza nini katika bango kama hilo, ila kwamba maneno ni kazi ya bure na sauti ndiyo mali?

Watetezi wa tangazo husema kuwa muda ni mfupi na kila sekunde ina bei. Hoja hiyo haisimami. Ubeti mmoja wa mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, ni mizani 64 tu. Msomaji mwenye pumzi ataumaliza kabla mtangazaji hajamaliza kurudia mara tatu kuwa mtu asikose. Kinachokosekana si nafasi, bali imani kwamba ubeti mzuri unaweza kuuza tikiti. Imani hiyo Tanga iliwahi kuwa nayo, na nyota zake hazikuzimika kwa ajili yake.

Redio za jamii, Pangani FM ikiwa mojawapo, zimo katika nafasi njema ya kuonyesha njia, kwa kuwa wanaozisikiliza wanayajua mafumbo ya mji wao. Tangazo lisome ubeti mmoja, limtaje mtunzi, litaje ukumbi na saa, kisha linyamaze. Pembe ikishalia inatosha. Ikiendelea kulia hadi alfajiri, wacheza ngoma watacheza kwa mdundo gani?