Usonji: Nani Mwenye Neno?

Neno usonji limekwisha kukubalika katika Kiswahili, nasi hatukusudii kulipinga. Tunalotaka kulihakiki ni maneno yanayoandamana nalo. Katika habari na tafsiri kadha wa kadha twasoma "mgonjwa wa usonji" au "mtoto anayeugua usonji". Matumizi haya yana kasoro kubwa. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote. Mzazi akiambiwa mwanawe ni mgonjwa, atahangaika kutafuta dawa. Naye mwalimu atangoja mtoto apone ndipo amfundishe.

Wafasiri waangalifu wameshika muundo wa "mtu mwenye usonji", kwa kufuata mkondo ule ule wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010. Muundo huu una adabu, kwani unatanguliza utu. Hata hivyo, tusidhani kwamba mjadala umekwisha. Jim Sinclair wa Marekani, mwenye usonji, aliandika mwaka 1999 kueleza kwa nini haupendi muundo wa namna hiyo katika Kiingereza: usonji haumtoki mtu kama vazi, bali ni sehemu ya nafsi yake. Huko Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioshirikisha watu 3,470, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wataalamu waliuafiki muundo huo, ilhali wengi wa watu wazima wenye usonji waliafiki jina linalomtaja mtu kwa hali yake moja kwa moja. Adabu ya wataalamu haikuwa chaguo la wenye jina.

Kwetu pia mfano upo. Wako wanaoshuku jina "kiziwi" kwa sababu ya ngeli yake ya ki-vi. Lakini wenyewe walipoungana walijiita Chama cha Viziwi Tanzania. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa maoni yetu, "mgonjwa" na "anayeugua" yaondolewe mara moja katika vitabu vya shule na nyaraka za serikali. "Mwenye usonji" itumike kwa sasa. Ama kuhusu kuunda jina jipya la mtu, kamati za istilahi zisilibuni mezani peke yao. Wenye usonji waketi humo, wakiwamo wanaojieleza kwa maandishi au kwa picha badala ya sauti, na kauli yao ipewe uzito kabla neno halijasanifishwa.