Kituo cha Polisi Kiko Wapi? Jinsi Swali Hilo Linavyoulizwa kwa Kihispania

Kuuliza njia ya kwenda polisi kwa Kihispania ni kazi yenye sehemu mbili, na uzito wake haulingani. Swali lenyewe lina maneno machache tu na huingia kichwani kwa muda mfupi. Jibu ndilo gumu, kwa kuwa huja kwa kasi ya mwenyeji, limejaa majina ya mitaa, vitenzi vya kuamuru na ishara za mkono. Vitabu vya mazungumzo ya wasafiri aghalabu hufundisha swali na kumwacha msafiri peke yake mbele ya jibu. Ndiyo maana swali halipimwi kwa usahihi wa sarufi pekee, bali kwa aina ya jibu linaloleta. Swali bora ni lile linalomfanya mjibu aseme machache na kuonyesha mengi.

Kabla ya maneno, kuna suala la polisi gani anatafutwa. Hispania ina vyombo kadhaa vya polisi, na vituo vyao havina jina moja. Policía Nacional hufanya kazi katika miji mikubwa, na ndiyo inayoshughulikia vitambulisho, pasipoti na masuala ya wageni. Guardia Civil, iliyoanzishwa mwaka 1844, hulinda vijiji, barabara kuu na pwani. Catalunya ina polisi wake, Mossos d'Esquadra, na eneo la Wabasque lina Ertzaintza. Mbali na hao kuna polisi wa mji, Policía Local au Policía Municipal, ambao zaidi hushughulika na magari na kanuni za mji. Kituo cha Policía Nacional au cha Mossos huitwa comisaría, lakini cha Guardia Civil huitwa cuartel. Tofauti hiyo ina uzito wa kweli: anayeuliza comisaría katika kijiji anaweza kuambiwa kwamba haipo, na jibu likawa sahihi kabisa, ilhali cuartel iko mtaa wa nyuma. Kijijini swali linalofaa ni ¿Dónde está el cuartel de la Guardia Civil?

Ng'ambo ya Atlantiki ramani hiyo hubadilika tena. Argentina na Peru hutumia comisaría. Chile pia hulitumia neno hilo, ila polisi wenyewe huitwa Carabineros. Colombia ina vibanda vidogo vya polisi mitaani viitwavyo CAI, na kila mkazi wa Bogotá huvijua kwa herufi hizo tatu. Mexico ndiyo inayowapotosha wageni zaidi, kwa sababu malalamiko ya wizi hayaandikishwi kwa askari wa mtaani, bali kwa mwendesha mashtaka. Kwa hiyo aliyeibiwa huko anapaswa kuuliza ilipo ofisi ya Ministerio Público.

Suala la pili ni nani wa kuulizwa. Mtu aliyesimama mahali pamoja kwa kazi yake ni bora kuliko mpita njia, kwa kuwa anaujua mtaa na hana haraka ya kwenda kwingine. Katika miji ya Hispania duka la dawa, linalotambulika kwa msalaba wa kijani, ni chaguo zuri kuliko yote. Kila eneo huwa na duka la dawa la zamu usiku, na mfamasia amezoea kusikiliza watu walio katika shida. Kioski cha magazeti, baa ya mtaani na mapokezi ya hoteli hufuata.

Swali lina milango mitatu. Wa kwanza unauliza kama kituo kipo: ¿Hay una comisaría por aquí? Wa pili unauliza mahali kilipo: ¿Dónde está la comisaría? Wa tatu unauliza njia: ¿Cómo llego a la comisaría? Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana lugha yake hutenganisha mambo hayohayo. Hay ni "kuna", na está ni "kiko". Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuchanganya "kuna kituo hapa karibu?" na "kituo kiko wapi?", kwa hiyo hana sababu ya kuchanganya hay na está, jambo linalowasumbua wanafunzi wa lugha nyingine kwa miezi. Anachokikosa ni maneno madogo yanayotangulia nomino, kwa kuwa Kiswahili hakina kitu kama hicho. Hay hufuatwa na una, kwa kuwa kituo bado hakijajulikana. Está hufuatana na la, kwa kuwa kinachozungumziwa kinajulikana. Akisema ¿Hay la comisaría? ataeleweka, ila sentensi imevunjika.

Mpangilio wa maneno nao unahitaji uangalifu. Kiswahili huweka "wapi" mwishoni, na Kihispania huweka dónde mwanzoni, kisha kitenzi, kisha kitu kinachotafutwa. ¿La comisaría está dónde? ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kihispania.

Kati ya milango hiyo mitatu, wa tatu ndio hatari zaidi, ingawa ndio unaofundishwa sana. ¿Cómo llego? humwalika mjibu aeleze safari nzima, kona kwa kona, na mgeni aliyetetemeka baada ya kuibiwa hawezi kuibeba hadithi hiyo. Ni afadhali kuanza na hay, kisha, mjibu akishataja mtaa, msafiri anyooshe mkono na kuuliza: ¿Es por aquí? Yaani, ni kwa huku? Jibu la swali hilo ni ndiyo au hapana, na kama ni hapana, mkono wa mjibu utaelekea upande ulio sahihi. Akifika kona inayofuata anauliza hivyohivyo kwa mtu mwingine. Safari hukatwa vipande, na kila kipande kina jibu moja.

Namna ya kumwita mtu huamua kama atasimama. Perdone na disculpe ni maneno ya heshima ya kuanzia, sawa na "samahani" inayotangulia ombi lolote Afrika Mashariki. Yote mawili yako katika umbo la usted, umbo la heshima, ambalo kitenzi chake hufuata nafsi ya tatu: ¿Me puede decir dónde está la comisaría? Nchini Hispania vijana huambiana tú hata wasipojuana, lakini kwa mtu mzima, na hasa kwa askari, usted ndiyo salama. Askari huitwa agente Hispania na oficial Mexico. Neno policía lina jinsia mbili zenye maana tofauti: el policía ni askari wa kiume, na la policía ni jeshi la polisi kwa jumla au askari wa kike.

Kwa upande wa matamshi, irabu za Kihispania ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na husomwa karibu sawa na za Kiswahili. Mkazo pia husaidia mara nyingi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na policía na comisaría hukaziwa hapohapo, kwenye í, hivyo msemaji wa Kiswahili huyatamka vizuri bila kufundishwa. Mtego uko katika maneno yanayokaziwa mwishoni: está, aquí, perdón. Kwa mazoea ya Kiswahili, está hugeuka esta, ambalo ni neno jingine lenye maana ya "hii". Alama iliyo juu ya herufi inaonyesha mahali pa kukaza sauti, na haifai kupuuzwa. Herufi h ikiwa peke yake haitamkwi, kwa hiyo hay husikika kama "ai". Herufi c katika policía hutamkwa kama th ya "thamani" katika sehemu kubwa ya Hispania, na kama s katika Amerika ya Kihispania. Huko kote msafiri anayetamka s ataeleweka.

Sasa jibu. Vitenzi vya kuelekeza ni vichache na hurudiarudia: siga (endelea), gire au doble (pinda), cruce (vuka), suba (panda), baje (teremka). Hayo ni maumbo ya heshima. Kijana wa Madrid huenda akasema sigue, gira, sube, baja, kwa hiyo sikio lishike mzizi na liiachie irabu ya mwisho. Kupanda na kuteremka hutajwa sana kwa kuwa mitaa mingi ya miji ya kale ina miinuko. Hasta ni "mpaka", na hapo kuna undugu wa kweli: neno hilo lilitoka katika Kiarabu cha Andalusia, kwenye chanzo kilekile kilichokipa Kiswahili "hata", ambayo katika Kiswahili cha zamani pia ilikuwa na maana ya mpaka. Aquí, ahí, allí na allá nazo hukaribiana na hapa, hapo, pale na kule.

Irabu moja ya mwisho, hata hivyo, haina ruhusa ya kupuuzwa. Derecha ni kulia. Derecho, katika nchi nyingi za Amerika ya Kihispania, ni moja kwa moja mbele. Siga derecho na gire a la derecha huanza safari mbili zinazotofautiana kabisa, na kosa hili huwapoteza wageni wengi. Dalili inayosaidia ni maneno mawili madogo, a la: yakisikika, kuna kupinda, yasiposikika, mtu anyooshe. Hispania yenyewe hupunguza utata huu kwa kusema todo recto. Kushoto ni a la izquierda, neno refu lisilofanana na jingine lolote, na halina shida likishasikika mara moja.

Umbali hutajwa kwa dakika au kwa vipimo vya mtaa. Eneo la majengo lililozungukwa na barabara pande zote huitwa manzana Hispania na cuadra Amerika ya Kihispania. A dos cuadras ina maana ya kuvuka maeneo mawili ya namna hiyo, kipimo rahisi katika miji ya Amerika iliyopangwa kwa mistari mirefu inayokatana. Taa za kuongoza magari ni semáforo, na kona ni esquina. Kipilefti huitwa rotonda, na katika Madrid pia glorieta. Tahadhari moja kwa anayevuka mipaka: kitenzi coger, ambacho Mhispania hukitumia mchana kutwa kwa maana ya kushika njia au kupanda basi, ni tusi zito Mexico na Argentina. Tomar hufaa kila mahali.

Mfano wa Madrid unaonyesha jinsi vipande hivi vinavyoungana. Msafiri yuko Puerta del Sol, uwanja ambao barabara kuu za Hispania huhesabiwa kilomita kuanzia kwake. Kwa miaka mingi kituo kilichozoeleka na watalii waliopatwa na wizi katikati ya mji ni kile cha Leganitos, namba 19, chenye huduma maalumu kwa wageni. Akiuliza ¿Hay una comisaría por aquí?, jibu linaweza kuwa hili: Sí, en Leganitos. Suba por Preciados hasta Callao, siga recto hasta Santo Domingo y baje por Leganitos.

Jibu hilo lina vitenzi vitatu na majina manne ya mahali, na si lazima lishikwe lote. Mambo mawili yanatosha: jina Leganitos, ambalo ndilo mwisho wa safari, na Preciados, ambao ndio mtaa wa kuanzia. Msafiri hurudia kile alichokishika na kuongeza swali la uthibitisho: Primero Preciados, ¿verdad? Kama ni kweli, mjibu ataitikia, na kama si kweli atasahihisha jambo moja tu. Endapo kasi imezidi, más despacio, por favor huomba taratibu, na ¿Me lo puede señalar en el mapa? huomba aonyeshwe kwenye ramani ya simu. Akifika Callao, anauliza tena kwa mkono: ¿Es por aquí? Namba za nyumba nazo ni msaada. Katika Madrid huanza kwenye ncha ya mtaa iliyo karibu na Puerta del Sol, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili, kwa hiyo anayeteremka Leganitos anajua namba zitapanda, na 19 itakuwa upande wa witiri.

Pale penye hatari inayoendelea, kutafuta kituo kwa miguu si njia. Simu hupigwa 112 Hispania, 911 Mexico, 123 Colombia, 133 Chile na 105 Peru, na kauli ya kwanza ni mahali alipo mpigaji, kabla ya kisa chenyewe.

Mlangoni mwa kituo kauli moja hufungua kazi: Quiero poner una denuncia, yaani, nataka kuandikisha malalamiko. Kisa hufuata kwa sentensi fupi. Mhispania husema me han robado el pasaporte, na Mmexico husema me robaron el pasaporte. Pasipoti ikiwa imepotea tu, kitenzi ni he perdido, na tofauti hiyo iheshimiwe, kwa kuwa kuripoti wizi ambao haukutokea ni kosa la jinai. Sheria ya Hispania pia hutenganisha robo, wizi wa kutumia nguvu au vitisho, na hurto, wizi wa kimyakimya kama wa kuchomolewa pochi. Askari atauliza maswali ya kupata tofauti hiyo hata kama msafiri ametumia neno robar kwa yote mawili.

Sheria namba 4 ya mwaka 2015, inayohusu haki za wahanga wa uhalifu, inampa asiyejua Kihispania haki ya mkalimani bila malipo anapotoa malalamiko, na haki ya kupata nakala iliyothibitishwa. Kauli ya kuomba ni Necesito un intérprete. Nakala hiyo hufanya kazi inayofanywa na RB nchini Tanzania au abstrakti ya polisi nchini Kenya, na bima na ubalozi huitaka. Kabla ya kutia saini, mahali pa kutazama kwa makini ni majina. Fomu za Kihispania zina nafasi za majina mawili ya ukoo, primer apellido na segundo apellido, na jina la babu la Mtanzania au Mkenya huweza kuandikwa mahali pasipostahili. Namba ya pasipoti na mpangilio wa majina vilingane na hati ya kusafiria kama ilivyochapishwa, herufi kwa herufi, na marekebisho yaombwe palepale, faili likiwa bado wazi mezani.