Mighani ya Liyongo: Simulizi Iliyotufikia kwa Kalamu

Vitabu vingi vya Fasihi Simulizi humtaja Fumo Liyongo kama mfano wa shujaa wa mighani, kisha husema kwamba mighani ni mali ya jamii na haina mtunzi mmoja. Mtahiniwa hukariri hayo na kutuzwa alama. Hata hivyo, matini zilizotuhifadhia kisa hicho zina waandishi na tarehe. Makala haya yanashikilia kwamba kuyanyamazia hayo ni kumpunja mwanafunzi.

Matini mbili ndizo mashuhuri. Ya kwanza ni hadithi ya nathari ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870. Ya pili ni utenzi ulioandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu kwa herufi za Kiarabu. Kijumwa aliwanakilia wataalamu wa Ulaya, akiwemo Alice Werner, tungo nyingi za kale. Je, utenzi huo ni simulizi au andishi?

Tuchukue kisa cha gerezani. Liyongo anampelekea mamake ujumbe kwa wimbo ili amfichie tupa ndani ya mkate. Gungu linapochezwa nje, vishindo vinaimeza sauti ya tupa naye anakata minyororo. Wimbo, ngoma na hadhira ni uti wa mgongo wa utendaji. Lakini utenzi wenyewe unafungua kwa jina la Mwenyezi Mungu na kuzingatia mizani minane na urari wa vina. Hiyo ni kazi ya mshairi msomi.

Hali hii si ya Waswahili pekee. Popol Vuh, kitabu kitakatifu cha Wamaya wa K'iche' nchini Guatemala, kiliandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16, baada ya Wahispania kuwashinda. Tunakijua kupitia nakala ya padri Francisco Ximénez ya mwanzoni mwa karne ya 18. Tofauti ni kwamba Wamaya walitumia herufi za mtawala, ilhali Kijumwa alitumia hati iliyozoeleka Lamu kabla ya ukoloni. Aliandikia wageni, lakini kwa kalamu ya kwao.

Kwa hivyo jibu ni kwamba utenzi huo ni andishi uliobeba simulizi. Kalamu ilihifadhi maneno. Sauti, mdundo na itikio la hadhira vilibaki ukumbini.

Mwalimu afanyeje? Wanafunzi wetu wa Kayole, Umoja na Buruburu wana nyanya na majirani wanaojua kutamba visa. Wanapoenda nyanjani, waandike pia jina la fanani, mahali, tarehe, lugha na aliyeomba kisa kisimuliwe. Hapo watatambua kwamba anayeandika simulizi huiachia alama za mkono wake, na wataweza kumsoma Kijumwa kama mtunzi, si kama karani tu.