Pongezi kwa Wapima Damu ya Uzazi

Husemwa kwamba mkunga mzoefu hahitaji kipimo, jicho lake latosha. Lakini damu hunywewa na kanga na shuka, na jicho hukadiria pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulijaribu mfuko wenye mistari ya kipimo uliowekwa chini ya mzazi, pamoja na matibabu yote ya kuzuia damu kutolewa kwa mpigo mmoja. Mwaka 2023 matokeo yalitangazwa: uvujaji mkubwa wa damu, upasuaji wa kuuzuia na vifo vyake, kwa jumla, vilipungua kwa asilimia 60. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna watu waliopima kwa mizani mifuko iliyojaa damu na kuandika uzito wake, usiku na mchana, katika uzazi zaidi ya 200,000. Anayeiita hiyo kazi ya makaratasi tu akumbuke: bila karatasi hizo, tungeendelea kukisia.