Kumhesabu mama aliyefia nyumbani

Daftari la wodi ya wazazi huandika aliyepokelewa, na huishia hapo. Aliyetokwa na damu nyumbani, au aliyekata roho njiani kabla ya kuifikia barabara ya gari, hayumo. Ndiyo maana takwimu za hospitali zikisomwa peke yake huweza kumpotosha kiongozi wa afya pande zote mbili. Hospitali nzuri inayopokea wajawazito mahututi kutoka mbali huonekana ina vifo vingi, na tarafa isiyo na hospitali huonekana salama kwa kuwa hakuna anayeandika. Wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania zilikuwa katika hatari hiyo hasa miaka ya 1990. Haydom, hospitali ya huko iliyofunguliwa na wamisionari Walutheri wa Norwe mwaka 1955, ilikuwa na sifa kubwa. Lakini kitaifa watoto waliozaliwa katika vituo vya afya walikuwa takriban nusu tu. Wilaya hizi mbili zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha (mkoa wa Manyara, zilimo sasa, ulizaliwa mwaka 2002), na kipimo cha hali ya mama mjamzito kijijini hakikuweza kutoka wodini.

Watafiti waliolishika jambo hili, miongoni mwao Bjørg Evjen Olsen, Sven Gudmund Hinderaker, Kazaura na Gasheka, walichagua njia ya kuwauliza walio hai habari za ndugu zao wa kike. Wendy Graham na wenzake walikuwa wameieleza njia hiyo mwaka 1989, nayo ina maswali manne tu. Ndugu zako wa kike wa tumbo moja waliofikia utu uzima ni wangapi? Wangapi wako hai? Wangapi wamekufa? Kati ya hao, wangapi walikufa wakiwa na mimba, wakijifungua, au ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua? Kazi ngumu iko katika kukokotoa. Binti wa miaka 17 ana ndugu ambao wengi wao ndiyo kwanza wanaanza kuzaa, kwa hiyo kila mmoja huhesabiwa kama 0.107 ya mtu aliyemaliza uzazi. Akijibu mama wa miaka 47, kila ndugu yake huhesabiwa 0.900. Vifo vya uzazi vikigawanywa kwa jumla ya hesabu hizo, hupatikana uwezekano wa mwanamke kufa kwa uzazi katika maisha yake yote. Sampuli ya kaya za wilaya hizo mbili ilitoa mwanamke 1 kati ya 38, sawa na vifo 362 kwa kila vizazi hai 100,000.

Kilichonivutia zaidi ni hatua iliyofuata. Kutembea nyumba kwa nyumba katika nchi ya milima na mabonde kunakula fedha, magari na siku. Hivyo maswali yaleyale waliulizwa pia wajawazito waliofika kliniki, kwa hoja kwamba wengi wasiojifungulia kituoni huhudhuria kliniki angalau mara moja. Huko yalipatikana matokeo ya mwanamke 1 kati ya 31, yaani vifo 444. Mipaka ya shaka ya makadirio hayo mawili, 269 hadi 456 na 371 hadi 517, inaingiliana. Kwa mganga mkuu wa wilaya asiye na fedha za utafiti, maana yake ni kubwa: muuguzi aliye na penseli kwenye foleni ya kliniki anaweza kufikia takribani pale alipofika mtafiti mwenye gari.

Njia hii ina udhaifu, na wanaoipinga wana hoja za kusikilizwa. Makadirio yake huelekea hali ya miaka kama 12 iliyopita, hivyo hayamwambii mtu kama mradi wa mwaka jana umefaulu. Ndugu aliyeolewa wilaya nyingine huhesabiwa alikozaliwa, na aliyekufa bila kuacha ndugu hana wa kumsemea. Mimba changa nazo hufichika, hasa kwa Wairaqw wa eneo hilo, ambao mila yao ya metimani humtenga mwanamke aliyeharibikiwa mimba. Ninazikubali zote. Hata hivyo, nyingi ya hizo zinaelekea upande mmoja: zinapunguza hesabu. Idadi ya 362 ina uwezekano zaidi wa kuwa chini ya hali halisi kuliko kuwa juu yake, na kiongozi akianzia hapo hatakuwa ametia chumvi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba idadi haimwokoi mtu. Kweli, lakini huwafanya watafiti waulize kwa nini. Utafiti wa Øystein Evjen Olsen na wenzake uliotoka mwaka 2005 kuhusu wilaya za kaskazini ulionyesha kuwa hospitali za kufanya upasuaji zilitosha kwa vigezo vya Umoja wa Mataifa. Zilizopungua mno ni zahanati na vituo vya afya vyenye uwezo wa mambo ya awali: sindano ya kuzuia damu, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kumtuliza mwenye kifafa cha mimba. Pengo lilikuwa karibu na nyumbani. Baadaye, Haydom ilipoanza kutoza ada ya kujifungua na ya gari la wagonjwa mwaka 2014, waliojifungulia pale walipungua, na sehemu ya wenye matatizo miongoni mwa waliofika ikaongezeka. Waliobaki nyumbani hawakuacha alama daftarini.

Leo makadirio ya kitaifa yameshuka kutoka vifo 556 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 mwaka 2022, na yote mawili yalitokana na kuwauliza watu kuhusu ndugu zao. Mradi wa uzazi salama ulioendeshwa kutoka Haydom katika vituo 30 vya mikoa 5, ukiwemo Manyara, uliripoti mwaka 2025 kuwa vifo vya kina mama vimepungua kwa asilimia 75. Ni mafanikio ya kujivunia, ila ni ya waliofika kituoni. Ninawaomba waganga wakuu wa wilaya za Mbulu na Hanang wawape wahudumu wa afya wa vijijini jukumu la kuleta kwenye kikao cha kupitia vifo vya uzazi habari ya kila mwanamke aliyefia nyumbani, kitongoji alikoishi, na saa ngapi zilipita kati ya damu ya kwanza na kukata roho.