Ile nyeupe kwenye karte ya Stanleyville

Juzi mwenzetu mmoja aliweka kwenye kikundi picha ya plan ya zamani ya Stanleyville, miaka ya 1950 hivi. Mlifurahi, na mimi pia. Avenue zimenyooka, mto umechorwa vizuri, kila mtu akatafuta kwao. Mimi nikatafuta Simi-Simi. Nikaona uwanja wa ndege, mstari mmoja mrefu. Pembeni yake nyeupe tu. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna hata mti.

Wandugu, hiyo nyeupe njo nataka tuiongelee, sababu naona tunaisoma vibaya. Tunasema: aa, kumbe zamani huku hapakuwa na kitu, mji ndio umekuja kukuta pori. Karte haikusema hivyo. Ilinyamaza tu, na sisi tukajibu kwa niaba yake.

Ni ugonjwa wa zamani. Stanley alipita maporomoko yetu saba Januari 1877, mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka na karte ndani. Mto aliuchora kwa sababu aliuona. Nyuma ya ukingo hakuingia, basi hakuweka kitu. Kwa hilo simlaumu sana: mpita njia hawezi kuchora shamba la mtu ambalo hakulifikia. (Kuyapa maporomoko jina lake, hilo ni jambo lingine. Mji ulisubiri mpaka 1966 ndipo ukaitwa rasmi Kisangani.) Ubaya ulikuja tarehe 1 Julai 1885, wakati Serikali ya Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Hapo nyeupe ya karatasi ikageuka kuwa sheria. Na nani alisema hii haina mwenyewe? Yule asiyeona nyumba wala muhogo siku aliyopita.

Linganisha na Tippu Tip, aliyekuwa liwali hapa Stanley Falls kuanzia 1887. Simpendi, biashara yake tunaijua, watu na pembe za ndovu. Lakini maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na humo nchi ni safari: siku ngapi za kutembea, mtemi gani, vita gani. Hata mwizi alijua kwamba nchi ina wenyewe. Lazima ajue, maana ndio aliowanyang'anya.

Sasa niseme kama agronome. Huku kwetu mtu anakata pori, anapanda mpunga, muhogo, makemba, halafu anaacha udongo upumzike miaka mingi, anahamia kipande kingine, kisha anarudi. Ile sehemu inayopumzika ni shamba pia. Nusu ya kazi inafanyika wakati hakuna mtu. Ukipiga picha kutoka juu utaona miti na utaandika "msitu", au hutaandika kitu. Lakini ingia ndani kwa miguu: utakuta kombo-kombo zimesimama pamoja, karibu zote urefu mmoja. Kombo-kombo inataka jua. Zikiwa nyingi hivyo, za umri mmoja, mara nyingi ni kwamba mtu alipafungua pale. Ongeza mingazi miwili mitatu, ongeza vipande vya makaa unapochimba. Hiyo nayo ni arshive.

Ndiyo maana karte ninazoziamini zaidi ni zile za udongo za INEAC, huko Yangambi, miaka ya 1950. Zilikuwa za wakoloni vilevile, na kazi yao ilikuwa kutafuta pa kupanda mazao ya kuuza. Lakini walichimba mashimo, wakatazama rangi, mfinyanzi, mchanga. Aina za udongo wakaziita Yangambi, Yakonde, majina ya huku. Ukisoma karte ile, nyeupe inaisha. Hata hivyo nayo inakuambia udongo ni wa namna gani. Haikuambii ni wa nani.

Na hili la "wa nani" si la historia. Mama mdogo wangu analima Simi-Simi. Mwaka jana bwana mmoja alikuja na fotokopi ya plan ya zamani, akamwonyesha kwa kidole: "Mama, ona, hapa palikuwa hakuna mtu." Plan ilikuwa kama ile yetu ya kikundi. Mama mdogo hasomi Kifaransa, lakini nyeupe aliielewa. Akamjibu: "Hapa mama yangu alivuna mpunga, akapanda muhogo, akapaacha. Kuacha haiko kutupa." Akamwonyesha kombo-kombo zake, nene, za miaka kumi na zaidi. Bwana akasema miti haiko kwenye plan.

Kesi ingali kwa chef de quartier. Mwezi uliopita nilipofika nilikuta mama mdogo amekwisha kukata zile kombo-kombo zote, amechoma, mpunga umeota vizuri kabisa. Nilimwambia angeacha hata moja imesimama. Akanicheka: "We mwenye lisansi, mpunga utaota kwenye kivuli?"