Ushahidi Kabla ya Uthibitisho: Uhakiki wa Jina la Programu ya Kenya

Makala haya yanahakiki jina la Ushahidi, programu iliyoundwa nchini Kenya mwezi Januari 2008. Hoja yake ni kwamba jina hilo lina maana mbili, na programu yenyewe inastahili moja tu.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ndipo mwanasheria Ory Okolloh alipotoa wito wa kuundwa kwa ramani ya matukio, na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakashirikiana naye. Wananchi walituma taarifa kwa simu au kupitia tovuti, zikaonyeshwa mahali zilipotokea.

Neno ushahidi limeundwa kutokana na shahidi, lenye asili ya Kiarabu. Mzizi wake unahusu kuwapo na kuona kwa macho, na umeipatia lugha pia shuhudia, ushuhuda na shahada. Kiambishi u- humtoa mtu na kuleta dhana, na hapo maana hugawanyika. Kwanza, ushahidi ni tendo la kusema kilichoonekana. Pili, ni hadhi ya jambo linaloweza kutegemewa katika kutoa uamuzi. Mahakamani, hadhi hiyo ina masharti: shahidi hujulikana, huapa na huhojiwa na upande wa pili, na maneno ya kuambiwa kwa kawaida hayapokelewi.

Kwa maana ya kwanza, jina lilifaa sana. Vyombo vya habari vilipobanwa, aliyeona alipata pa kusemea. Kwa maana ya pili, jina liliitangulia kazi. Ramani iliweza kubeba taarifa yenye alama kwamba haijathibitishwa, ilhali juu yake pameandikwa Ushahidi. Katika Kiswahili cha kila siku, habari ya namna hiyo huitwa dai, na pengine tetesi. Jina la M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, halina mgongano huo, kwani kinachomfikia mpokeaji ni pesa kweli.

Inaweza kujibiwa kwamba jina la pekee halilazimiki kufuata maana ya kamusi. Programu hiyo ilipotumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, ujumbe mwingi uliandikwa kwa Krioli ya huko, na kwa waandishi wake Ushahidi lilikuwa sauti tu. Jibu hilo lina nguvu Haiti. Kwa msomaji wa Kiswahili, jina husema kabla ya ramani kufunguliwa.

Uzito wa suala hili ulidhihirika The Hague. Desemba 2014, mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu aliondoa mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliyohusu ghasia hizo, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Neno lililoandikwa juu ya ramani mwaka 2008 ndilo lililotaja kilichokosekana miaka sita baadaye. Mwananchi aliyetuma taarifa yake ana haki ya kuuliza ushahidi wake ulikwenda wapi. Jibu la kweli ni kwamba alichotuma kilikuwa mwanzo wa ushahidi, na kati ya mwanzo huo na mahakama kulihitajika kazi ya uchunguzi ambayo ramani haiwezi kuifanya.

Taasisi za Afrika Mashariki zinazoandaa mifumo ya kupokea habari za wananchi, iwe za uchaguzi au za maafa, zina msamiati wa kutosha kuepuka mkanganyiko huu. Kinachopokelewa kiitwe taarifa. Msemaji akishajulikana, kiitwe ushuhuda. Kikishathibitishwa, kiitwe ushahidi. Programu ya Kenya ibaki na jina lake, kwa kuwa lilizaliwa katika siku ambazo kusema tu kulihitaji ujasiri. Mifumo ijayo isiahidi kwa jina kile ambacho haijakipima.